Anayetaka Kisuba Atafute Nyanya wa Kukaa Naye

Kuna jambo ninaloliona kila nipitapo Mbita, pale zinapopakia boti za kwenda kisiwani Mfangano. Nyanya wawili wameketi juu ya magunia yao wakizungumza Kisuba, maneno yanakwenda mbio, vicheko havikatiki. Anatokea kijana, pengine mjukuu wa mmoja wao, amebeba kreti ya soda begani. Anawaamkia kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo. Wanaitikia kwa Dholuo. Tangu hapo, muda wote kijana akiwa amesimama karibu, hata wao kwa wao wanasemezana kwa Dholuo. Akishaondoka, Kisuba kinarejea.

Hakuna aliyemnyima kijana kitu. Nyanya hao wamefanya adabu tu, kwani si vizuri kuzungumza mbele ya mtu kwa lugha asiyoisikia. Lakini adabu hiyo ikirudiwa miaka na miaka, katika kila boma na kila boti, inazaa kizazi cha Wasuba wasiojua kuomba maji kwa Kisuba. Lugha hii haipotei kwa kuchukiwa. Inapotea kwa sababu wenye nayo wana heshima na wasio nayo wana haya.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji asihangaike kuutafuta. Kijana anayetaka lugha ya babu zake asingoje shule imfungulie darasa, wala kaunti imjengee kituo. Atafute mtu mmoja anayeijua, aende kwake, amwombe waziwazi: nisemeze Kisuba, hata nikionekana sielewi. Na sisi wenye wazee hao majumbani tuzihesabu saa zao za kufundisha kuwa ni kazi, kama tunavyozihesabu saa za kuanika omena, dagaa wa ziwani.

Jina limekua, lugha imepungua

Kisuba, ambacho wenyewe hukiita Olusuba, ni lugha ya Kibantu iliyozungukwa na ziwa na Dholuo. Jamaa zake wa karibu ni Kikuria, Kigusii na lugha ndogondogo za Mkoa wa Mara kule Tanzania. Mapokeo ya Wasuba yanawatoa upande wa Uganda, wakavuka maji na kutua Mfangano, Rusinga, Gwassi na Kaksingri, wengine wakateremka hadi Muhuru na Suna katika Migori ya leo. Ukitaka kusikia lugha hiyo ikitumika mchana kutwa siku hizi, huna budi kupanda boti uende Mfangano. Kwingine utaisikia kwa mzee mmoja mmoja.

Sensa ya 2009 ilihesabu Wasuba wapatao 139,000, na ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya 150,000. Ukizisoma takwimu hizo ukiwa Nairobi utadhani mambo ni shwari. Lakini karani wa sensa huuliza kabila. Haulizi asubuhi ile ulimwamkia mama yako kwa lugha gani. Mwaka 1986 wanaisimu wawili, Franz Rottland na marehemu Profesa Duncan Okoth Okombo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha utafiti wenye hoja hiyohiyo: fahari ya kuwa Msuba inapanda huku uwezo wa kusema Kisuba ukishuka. Tangu waandike, fahari imeendelea kupanda. Tulipata Wilaya ya Suba katika miaka ya 1990, kisha majimbo ya Suba Kaskazini na Suba Kusini. Jina liko kwenye karatasi za kura, kwenye mabango na kwenye hotuba za mazishi. Hotuba zenyewe ni za Dholuo.

Yalitokeaje? Hapakuwa na vita vya lugha. Msuba hakuoa katika ukoo wake, na majirani waliokuwa na mabinti walikuwa Wajaluo. Bi harusi alikuja na lugha yake, akazaa, akabembeleza watoto kwa Dholuo. Baba alikuwa ziwani. Kisha wakaja machifu wa mkoloni, wamisionari na walimu, na hao wote walikwisha chagua Dholuo kuwa lugha ya kazi yao. Biblia nzima ya Dholuo ilitoka 1953, ilhali Agano Jipya la Kisuba lilingoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna vizazi viwili vilivyojifunza kusali, kuhesabu na kutongoza kwa lugha ya jirani. Tom Mboya, aliyeuawa Julai 1969 na kuzikwa Rusinga, alitoka kwa watu wenye asili ya Kisuba, na nchi nzima inamkumbuka kama mwanasiasa Mjaluo. Sioni kosa hapo, maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Ninachosema ni kwamba kimojawapo kilipata walezi wengi na kingine kikakosa.

Redio haikujibu

Nakijua kishindo cha watakaonipinga. Watasema: mbona sheria ipo? Kweli ipo. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wenyeji. Sera ya elimu, tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, inasema mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha inayotumika pale shule ilipo. Soma tena sentensi hiyo ukiwa Rusinga. Lugha inayotumika pale shule ilipo ni Dholuo! Sera iliyotungwa kumwokoa mtoto na Kiingereza cha mapema inamkabidhi mtoto wa Kisuba kwa Dholuo, tena kwa muhuri wa serikali.

Vitabu vya Kisuba vimeandikwa, si vingi lakini vipo. Redio ya jamii ya EK FM pale Mfangano imetangaza kwa Kisuba, na nawavulia kofia watangazaji wake, kwa sababu kijana anayesikia lugha ya nyanya yake ikitoka redioni huacha kuiona kama mambo ya ukongwe. Lakini redio ina upungufu mmoja usiotibika: haikusubiri useme. Unaweza kuisikiliza mwaka mzima ukawa hodari wa kuelewa, kisha siku mvuvi anakuuliza umetoka wapi, ulimi unaganda. Kitabu nacho ni vivyo hivyo. Mtu hujifunza lugha pale mwenzake anapomkodolea macho akingoja jibu, na yeye hana njia ya kukwepa.

Basi wapo wengi wanaokisikia Kisuba bila kukisema. Hao ndio hazina ambayo hatuitumii. Mtu wa miaka thelathini aliyelelewa na nyanya Mfangano, akapelekwa shule Homa Bay mjini, akaishia kufanya kazi Kisumu, ana Kisuba kizima kimelala ndani yake. Anachokosa ni mtu wa kukiamsha.

Mlezi si mwalimu

Wajaluo wenyewe waliwahi kuwa na mpango mzuri wa jambo hili. Zamani katika boma palikuwa na siwindhe, nyumba ya kikongwe aliyeitwa pim, ambamo watoto walilala na kusikiliza hadithi, vitendawili na nasaba. Mara nyingi pim alikuwa mtu aliyetoka mbali, mjane aliyekuja kukaa. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wameeleza jinsi wanawake hao walivyowapa watoto wa boma dunia pana kuliko boma lenyewe. Hapakuwa na ubao wala mtihani. Palikuwa na giza, moto, sauti moja na masikio mengi, na usiku wa pili mtoto aliombwa aisimulie ile hadithi ya jana.

Jambo linalofanana na hilo limefufuliwa mbali sana na hapa. Katika jimbo la California, Marekani, lugha nyingi za wenyeji zilikuwa zimebaki na wasemaji wazee wachache. Mwaka 1992 wenyeji, wakisaidiwa na mwanaisimu Leanne Hinton, walianzisha mpango wa kuwaunganisha wawiliwawili: mzee mmoja anayejua, na mtu mzima mmoja asiyejua. Kanuni yao kubwa ilikuwa kwamba wakiwa pamoja Kiingereza hakitumiki. Waliombwa wakae pamoja saa kumi hadi ishirini kwa wiki, wapike, wafue, waendeshe gari, wanunue vitu, yote kwa lugha hiyo, kwa ishara pale maneno yanapokosekana. Hinton alikuja kuandika mwongozo wake mwaka 2002, na watu wa nchi nyingine wakauiga. Si wote waliofaulu. Lakini wapo waliotoka humo wakiisema lugha ambayo wazazi wao hawakuwa nayo.

Kinachonivutia katika mpango huo ni kwamba anayeongoza ni mwanafunzi. Mzee haandai somo. Mwanagenzi ndiye anayekuja na shughuli, ndiye anayeuliza hiki kinaitwaje, ndiye anayeomba neno lirudiwe. Kwetu sisi hilo ni gumu kidogo, kwa sababu tumezoea kwamba mbele ya mzee unakaa kimya na kungoja. Lakini kuuliza si ujinga, na nyanya anayeulizwa kwa unyenyekevu hajavunjiwa heshima. Amerudishiwa.

Je, umchague nani? Watu hukimbilia mwalimu mstaafu. Mimi ningemkwepa kwanza, nikamrudia baadaye wakati wa kuandika. Mwalimu mstaafu atakusahihisha kila tamko, na baada ya wiki mbili utakuwa unaogopa kufungua mdomo. Mtafute mtu anayependa kuongea, mwenye kazi ya mikono ambayo nawe unaweza kuishika: anayechambua omena, anayepalilia mihogo, anayeshona nyavu. Kazi inaipa lugha mahali pa kukaa. Ukisema shika hapa, vuta, legeza, bado, tosha, mara hamsini kwa asubuhi moja, maneno hayo hayatoki tena. Kwenye dawati ungeyaandika mara moja na kuyasahau.

Angalia pia anakotoka. Kisuba cha Mfangano si sawasawa na kile cha Gwassi wala cha Muhuru, na wazee hutaniana sana kuhusu nani anakiharibu. Usiingie katika mabishano hayo. Chukua lahaja ya yule aliye karibu nawe na aliye tayari kukuvumilia. Mchagua jembe si mkulima.

Ukishampata, wekeni masharti mapema, kwa heshima lakini kwa uwazi. Kwamba kwa muda fulani, tuseme tangu chai ya asubuhi hadi jua linapokuwa kali, Dholuo hakitasikika, hata kama mambo yatachelewa. Kwamba asikuonee huruma akakutafsiria. Kwamba akusahihishe kwa kurudia tu sentensi yako ilivyopaswa kuwa, kisha muendelee. Siku ya kwanza jifunze kusema vitu vinne vitakavyokuokoa: sijaelewa, rudia, sema polepole, hiki kinaitwaje. Ukiwa navyo hivyo hutalazimika kukimbilia Dholuo kila unapokwama. Omba ruhusa ya kumrekodi kwa simu, halafu usikilize jioni ukiwa umelala. Na jiandae kuchekwa. Nyanya wa ziwani hucheka kwa sauti, na watoto wa jirani watakuja kutazama. Atakayeshindwa kuchekwa wiki mbili hatajifunza lugha yoyote, hata Kifaransa cha kulipia.

Kijana wa Homa Bay anaianza safari hii na mtaji ambao hajui anao. Dholuo ni lugha ya toni, hivyo sikio lake tayari linatambua sauti ya juu na ya chini, jambo ambalo Mswahili wa Mombasa angelitolea jasho kabla ya kuliweza. Upande wa pili, Dholuo hakina ngeli, na ngeli za Kisuba ndizo zinazomtoa mtu machozi. Hapo Kiswahili cha shuleni kinamfaa. Aliyekwisha kuzoea kwamba mtu mzuri, watu wazuri, kiti kizuri na viti vizuri ni mambo manne tofauti hatashangaa Kisuba kikifanya hivyohivyo kwa viambishi vyake. Nimewasikia vijana wakilalamika kwamba walipoteza muda kujifunza sarufi ya Kiswahili. Wakaulize nyanya zao. Tahadhari moja tu: usijaze kila pengo kwa neno la Kiswahili ukidhani lugha zote za Kibantu ni moja. Nyanya ataelewa, atanyamaza kwa adabu, nawe utabaki na Kiswahili kilichovishwa kanzu ya Kisuba.

Mkono mtupu haulambwi

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wapenda utamaduni hawapendi kulitaja. Nani analipa?

Nyanya wa Mfangano hana muda wa kupoteza. Omena ikishushwa alfajiri lazima ianikwe kabla mawingu hayajaja, igeuzwe, ilindwe dhidi ya kuku, ipimwe kwa debe, iuzwe. Saa moja aliyotumia kukueleza jina la upepo wa jioni ni saa moja ambayo dagaa wa mtu wameloa. Watafiti huja na mashine zao, hurekodi, hushukuru, hupanda boti. Wajukuu huja Desemba na maswali yao, hupiga picha, huondoka. Kila mmoja anataka kuchota, na nyanya huyohuyo ndiye anayetakiwa kutabasamu. Mkono mtupu haulambwi, na sioni kwa nini lugha iwe kitu pekee ambacho mzee anadaiwa akitoe bure.

Malipo si lazima yawe noti. Mwanagenzi mwenye nguvu akibeba maji, akakata kuni, akageuza omena huku akiuliza maswali, ameshalipa. Aliye mjini na asiyeweza kubeba maji, basi na alipe mtu wa kuyabeba. Kilo ya sukari na majani ya chai ni salamu, haijawa malipo. Na kaunti za Homa Bay na Migori, ambazo kila mwaka huwa na fedha za utamaduni zinazoishia kwenye vikundi vya ngoma na mahema ya wageni wa heshima, zingeweza kuwatambua walezi wa lugha kwa posho ndogo ya kila mwezi. Kule California walimlipa mzee na mwanafunzi wote wawili, kidogo tu, na kidogo hicho ndicho kilichofanya watu wahudhurie.

Mzazi mmoja akisoma hapa atauliza: Kisuba kitampa mwanangu kazi gani? Nitamjibu bila kuzunguka: pengine hakuna. Kiingereza na Kiswahili ndivyo vitakavyomtafutia mshahara, na asivipunguze hata robo. Lakini mzazi huyo na alifikirie jambo lingine linalokuja nyumbani kwake. Mtu akiugua sana uzeeni, akili ikianza kumtoka, mara nyingi hurudia lugha aliyoanza nayo utotoni. Nyanya atalala wodini Homa Bay mjini, muuguzi ni wa kutoka kwingine, wajukuu wamezunguka kitanda, naye anaomba kitu kwa Kisuba. Nani atakayempa? Na kabla ya siku hiyo kufika, kuna mambo ya mipaka ya shamba, ya madeni ya mahari, ya dawa za majani, ya majina ya miamba iliyo chini ya maji, ambayo wazee huyasimulia vizuri kwa lugha moja na vibaya kwa nyingine. Kesi ngapi za ardhi zimetoka kwenye masimulizi yaliyofika nusu?

Lugha ilipotokea

Tumeona kwamba Kisuba kilipungua kupitia ndoa. Kwa hiyo mtu wa kwanza kutafutiwa mlezi si mjukuu wa Nairobi anayekuja mara moja kwa mwaka. Ni mke aliyeolewa kutoka Karachuonyo, Ndhiwa au Rongo, ambaye anaishi kwenye boma kila siku na ndiye atakayezungumza na mtoto kabla mtoto hajajua kwamba kuna lugha.

Namwona mwanamke huyu akisahauliwa katika kila mkutano wa utamaduni. Wanaume husimama kulalamikia lugha ya baba zao, kisha hurudi nyumbani na kuzungumza na wake zao kwa Dholuo. Je, wamewahi kuwauliza kama wangependa kujifunza? Desturi inawapa nafasi nzuri: mwanamke akiolewa hupika kwanza jikoni kwa mama mkwe, kabla ya kupewa mafiga yake. Hapo pana mlezi, pana kazi, pana muda, pana kila kitu ambacho wale wa California walilazimika kukitengeneza kwa ruzuku. Tatizo ni kwamba mama mkwe naye, kwa adabu ileile ya kwenye boti, humsemeza mkaza mwana kwa Dholuo ili asijione mgeni. Angefanya hisani kubwa zaidi kwa kumfanya mgeni kwa miezi sita na mwenyeji maisha yote.

Sitaki kumtwika mke mzigo peke yake. Mume akibaki na Dholuo chake mezani, mtoto ataona mara moja lugha ipi ni ya kucheza na ipi ni ya amri. Lakini kama ningekuwa na posho ya mlezi mmoja tu ya kugawa Mfangano nzima, ningempa mama mkwe mwenye mkaza mwana aliye na mimba ya kwanza.

Upande wa Migori

Migori hali ni nzito zaidi. Watu wa Suna, ambao jina lao limebebwa na majimbo mawili, Suna Mashariki na Suna Magharibi, wengi wao hawana tena nyanya wa kumwendea kwa sababu nyanya mwenyewe alizaliwa ndani ya Dholuo. Muhuru kuna wazee wachache. Hapo nawashauri watazame kusini. Ng'ambo ya mpaka, katika Wilaya ya Rorya, Wasimbiti na jamaa zao wangali wanazungumza lugha iliyo dada wa Kisuba, na Musoma kuna watu ambao wamekuwa wakiiandika kwa ajili ya tafsiri ya Biblia. Si lugha ileile neno kwa neno. Lakini mtu wa Muhuru akikaa na mzee wa Rorya atarudi na mengi kuliko atakayoyapata akikaa na huzuni yake.

Na asiniambie mtu kwamba umri umempita. Ukipita sokoni Migori mjini utakuta mfanyabiashara aliyetoka Kisii akiwa na miaka arobaini, sasa anapatana bei kwa Dholuo bila kukwama. Nenda Isibania uwasikie vijana wa bodaboda wakimbeba mteja kwa Kikuria, wakimteremsha upande wa Sirare kwa Kiswahili cha Tanzania chenye shikamoo zake zote. Hakuna aliyewafungulia darasa. Kila mmoja wao alikuwa na mteja, rafiki, mpangaji mwenza au mchumba aliyemsemeza kila siku na kumvumilia. Watu wa kusini mwa Nyanza ni mafundi wa kujifunza lugha wakiwa watu wazima, ila tu wamezoea kujifunza za wengine.

Msimu wa likizo ndefu unapokaribia, familia huanza kupanga safari za nyumbani. Wengine watahudhuria tamasha la utamaduni la Rusinga mwezi Desemba, watakula samaki, watatazama mbio za boti na ngoma, watavaa fulana zilizoandikwa Suba. Wafurahi, sina neno. Ila kabla ya kurudi Nairobi, wamwache mtoto mmoja, wa miaka kumi na minne hivi, kwa nyanya mmoja Mfangano kwa wiki tatu, pamoja na pesa ya matumizi na mapatano yaliyosemwa mbele ya wote: asubuhi hadi saa sita ni Kisuba tu, na mtoto ndiye atakayefanya kazi ya mikono. Shule zikifunguliwa, waendelee kwa simu, ujumbe wa sauti mmoja kila jioni, nyanya akisimulia siku yake na mtoto akijibu kwa sentensi tatu. Gharama ya bando ni ya mzazi.

Yuko nyanya atakayekataa. Atasema amechoka, au kwamba lugha hiyo ina faida gani, au ataogopa kwamba Kisuba chake si kile safi cha mama yake. Asibembelezwe sana. Mwombeni ruhusa ya kumwendea jirani yake, na mwende siku hiyohiyo, kabla boti ya jioni haijaondoka.